GN125 ya mzee inalia kama shilingi kwa mkebe: isome hiyo kelele kabla ya kuinyamazisha

"Habari fundi. Niko na Suzuki GN125 ya mwaka 2004, niliachiwa na baba yangu, mita inasoma kilomita 61,000. Kila siku natoka Kikuyu kwenda kazi Westlands kwa Waiyaki Way. Tangu mwezi wa sita, asubuhi nikiiwasha inalia tratratra hapo kwa silinda upande wa kushoto, kama shilingi kwa mkebe. Ikipata moto inapungua lakini haiishi, na nikiachilia mafuta kwa mteremko inarudi. Fundi wa kwanza aliniwekea oil nzito ikanyamaza siku mbili. Wa pili anataka kutoa spring ya tenshena aivute iwe ndefu, halafu aweke washa (kile kipete cha chuma) nyuma yake. Wa tatu anasema tufungue injini yote. Rafiki yangu wa stage naye anasema yake haijawahi kulia hivyo na haina hata hiyo tenshena. Nani anasema ukweli? Na naweza kuendelea kuiendesha?"

Ndugu yangu, pole kwa hiyo shida, na pia asante kwa kueleza vizuri, manake wengi hunipigia simu wakisema tu "inalia" halafu wananyamaza, sasa mimi nianze kubahatisha. Wewe umenipa vitu vitatu vyenye maana. Inalia zaidi ikiwa baridi, inapungua ikipata moto, na inarudi ukiachilia mafuta. Ukiweka hizo tatu pamoja na upande wa kushoto ambako cheni ya GN hupita, mimi pia mawazo yangu yanaenda kwa cheni ya taimingi, kwamba imelegea na tenshena, kitu ambacho kazi yake ni kuikaza, haiikazi. Lakini "imelegea" sio jina la ugonjwa. Inaweza kulegea kwa sababu tenshena imekwama, ama spring imechoka, ama cheni yenyewe imelika mpaka tenshena imefika mwisho wa safari yake, na kila moja ya hizo ina dawa tofauti na bei tofauti sana. Hapo ndio mafundi wako watatu wamepoteana, kila mmoja ameshika dawa yake mkononi na hakuna aliyepima.

Nianze na rafiki yako wa stage kwa sababu yeye nitamaliza naye haraka. Hakudanganyi. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba watu hapa Nairobi injini yake imetolewa kwa ile ramani ya Honda CG125, na hiyo injini kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini karibu na kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inasukuma valvu kwa fimbo ndefu mbili zinazopanda hadi juu. Hakuna cheni ya taimingi, kwa hivyo hakuna tenshena. GN125 yako, ambayo Suzuki walianza kuitoa 1982, kamshafti iko juu kabisa ndani ya hedi, kile kichwa cha injini, na inazungushwa na cheni. Kwa hivyo ushauri wake kuhusu kelele, hata akiupeana kwa roho safi, ni wa injini ingine. Usilinganishe.

Sasa hiyo cheni inafanya nini. Iko ndani, ukisimama nje huioni, ni nyembamba na inafanana na ndugu mdogo wa cheni ya tairi la nyuma. Chini imeshika meno ya kranki, juu imeshika gia ya kamshafti, na gia ya juu ina meno mara mbili ya yale ya chini ili kamshafti izunguke mara moja kila kranki ikizunguka mara mbili. Kranki ndio inavuta. Ikizunguka kuelekea mbele, inavuta cheni kwa upande wa mbele wa silinda, kwa hivyo upande wa mbele uko na kazi na umekazika wenyewe, na upande wa nyuma unarudi ukiwa mtupu. Upande huo wa nyuma ndio huning'inia. Hapo wameweka reli ndefu iliyopinda kidogo, imevishwa raba ngumu, na nyuma ya hiyo reli, chini ya karbureta, ndio tenshena inaisukuma.

Tenshena ya GN yenyewe ni kitu kidogo unaweza kukishika kwa kiganja. Kuna fimbo ya chuma ambayo upande mmoja imechongwa meno kama ya msumeno, kuna spring nyuma yake inaisukuma, na kuna kidole kidogo cha chuma kinachodandia yale meno. Fimbo inaweza kwenda mbele lakini haiwezi kurudi, kwa sababu kidole kinaizuia. Cheni ikilika kidogo, reli inaachia nafasi, spring inasukuma fimbo, kidole kinaruka jino moja, basi, nafasi imezibwa na wewe hujajua kitu kimefanyika. Miaka inaenda hivyo. Hakuna mtu anapaswa kuikaza kwa mkono, na ndio maana huwa nashtuka nikisikia fundi akisema "nimekukazia tenshena" kwa GN, nashindwa alikaza nini, manake ukikaza zile boliti mbili za nje umeshikilia nyumba yake tu kwa silinda, cheni hujaigusa.

Watu husema cheni "imevutika", hata mimi nasema, lakini chuma hakijavutika kama raba. Kinacholika ni vile vipini vidogo ndani ya kila kiungo na matundu yake. Tuseme cheni iko na viungo 90 na kila kiungo kimelika sehemu mbili za mia za milimita, yaani kitu huwezi kuona hata ukiweka miwani. Zidisha mara 90 unapata karibu milimita 2. Hiyo sasa unaisikia. Na inafanya kitu kingine ambacho watu hawajui: upande wa mbele ukirefuka, kamshafti inachelewa kidogo nyuma ya kranki, valvu zinafunguka zikiwa zimechelewa, na pikipiki inakuwa mzito kupanda mlima. Ukiona siku hizi unashusha gia mahali mzee alikuwa anapita na ya nne, kumbuka hili.

Mbona inalia asubuhi? Silinda na hedi ni alumini, cheni ni chuma, na alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hivyo injini ikiwa moto silinda inakuwa ndefu kidogo na inaivuta cheni, ikiwa baridi inajikunja na cheni inabaki na ulegevu. Tenshena ikiwa nzima hiyo tofauti huwezi kuisikia. Na huko Kikuyu mwezi wa saba unajua vile kuko asubuhi, oil pia imekuwa nzito, inachukua muda kufika juu. Mbona ukiachilia mafuta inarudi? Kwa sababu ukivuta mafuta kranki inavuta mbele kwa nguvu moja, cheni imenyooka. Ukiachilia kwa mteremko, tairi ndio sasa linazungusha injini, na silinda yako ni moja peke yake, inaenda kwa kurukaruka, inapunguza inaongeza, huku spring za valvu zikisukuma kamshafti mara mbele mara nyuma. Ule ulegevu unahamahama na cheni inaanza kuchapa reli na ukuta wa handaki yake. Hiyo ndio tratratra yako.

Kabla hujafungua hata boliti moja, nataka ufanye kazi ya masikio. Kwanza angalia oil ikiwa pikipiki imesimama wima, sio imeegeshwa na stendi ya pembeni. Nimeona GN kadhaa zikiletwa kwa kelele ya cheni na oil ilikuwa imebaki kidogo tu chini, tukaongeza, kelele ikapungua nusu. Angalia pia mzunguko ikinguruma bila kuvuta mafuta, inatakiwa iwe kati ya 1,300 na 1,500 hivi kwa dakika. Kuna watu huishusha sana ati ile sauti ya dum dum ni tamu na inaokoa petroli, lakini hapo chini injini inakwenda kwa kurukaruka kiasi kwamba hata cheni nzima italia. Iinue kwa ile skrubu ya karbureta, sikiliza tena.

Halafu finya klachi. Kelele ikiisha ukifinya na ikirudi ukiachilia, iko kwa kikapu cha klachi upande wa kulia, wala sio cheni. Ikiwa ni sauti nyembamba ya tik tik tik inayofuata mzunguko vizuri bila kubadilika ukivuta ama ukiachilia mafuta, hiyo ni tapeti, pale nafasi ndogo ya valvu hurekebishwa, na GN tapeti zake ni za skrubu na nati, unafungua vifuniko viwili vidogo juu unapima, kazi ya nusu saa injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa ni sauti nzito ya kugonga chini ya injini, inaongezeka ukipanda mlima na mzigo, hapo simama, usiiwashe tena, hiyo inaweza kuwa koni rodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, na sio mambo ya leo.

Kisha chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwa boliti ya tenshena pale nyuma ya silinda, na mpini uuweke kwa mfupa ulio mbele ya sikio. Funga shati vizuri, ukae mbali na moto wa ekzosti. Sogeza ncha kwa kifuniko cha valvu, kisha kwa kava la magneto, ile inayotengeneza umeme, chini kushoto, kisha upande wa kulia. Mahali kelele inaingia kwa kichwa chako kama iko ndani, hapo ndipo. Ikiwa tenshena inapiga kelele kubwa kuliko vifuniko vya valvu, tuko njia moja.

Sasa kuifungua, na hii unaweza kuifanya mwenyewe ikiwa una subira na spana nzuri. Kuna sheria moja hapa sitaki uisahau: tenshena ikiwa nje, injini haizungushwi. Usipige kiki, usiguse starta, usisukume pikipiki ikiwa kwa gia. Cheni ikiwa huru inaweza kuruka jino kwa ile gia ya chini, na baadaye ukiwasha valvu ikakutana na pistoni. Mimi nilifanya hivyo miaka ya mwanzo, nilisahau gia ya pili ndani nikaisogeza pikipiki kidogo tu nipate mwanga. Mteja alirudi nyumbani na matatu na mimi nililipa valvu mbili.

Toa plagi ya cheche. Fungua vile vifuniko viwili vya plastiki kwa kava la magneto upande wa kushoto, kimoja cha katikati unapata nati ya kuzungushia, kingine cha kuchungulia alama. Zungusha kinyume cha saa ukiangalia kutoka huo upande wa kushoto mpaka alama ya T ikae mbele ya kijidirisha, na hapo gusa tapeti zote mbili. Zote zinatakiwa kucheza kidogo. Kama moja imekaza, uko kwa mzunguko usiofaa, zungusha tena mara moja kamili. Tunafanya hivyo ili spring za valvu zisiwe zinasukuma kamshafti wakati cheni iko huru.

Safisha vumbi lote nyuma ya silinda, manake shimo likifunguka kila mchanga ulio juu yake unaingia kwa injini. Anza na boliti ya katikati, ile inayoshikilia spring. Ifungue polepole ukiwa umeikinga na kidole, spring itatoka. Kisha sasa zile boliti mbili ndogo za milimita 6, na uvute tenshena moja kwa moja bila kusukuma ile fimbo ndani.

Hapa ndipo jibu lako lote lilipo, kwa hivyo usiwe na haraka. Ishike kiganjani ukiwa hujagusa kidole chake, angalia fimbo imetokeza kiasi gani. Hesabu meno yaliyotoka na yale yamebaki ndani, andika hata kwa simu, piga picha. Halafu bonyeza kile kidole na usukume fimbo ndani na nje mara kadhaa. Inatakiwa kuteleza kama droo mpya. Ikikwama katikati, ikikwaruza, ama ukiona oil nyeusi imekauka kama lami kwa yale meno, basi umempata mwizi, cheni inaweza kuwa nzima kabisa na ilikuwa tu haisukumwi. Sasa achilia kidole, shika fimbo na ujaribu kuisukuma ndani kwa nguvu ya gumba. Isirudi hata kidogo. Ikirudi jino moja ikiteleza, kidole ama meno yamelika, na hiyo tenshena imekufa hata kama kwa macho inaonekana safi. Inamisha kwa mwanga wa jua, mara nyingi utaona meno mawili matatu ya mahali pamoja yamekuwa mviringo na yanang'aa wakati mengine bado yana ncha, ni pale ilikuwa inakaa ikichapwa kila siku.

Sasa usome. Kama fimbo imetumia nusu ya safari yake ama chini, na imekwama au meno yamelika, badilisha tenshena peke yake na gasketi yake, cheni iache. Kama fimbo ni nzima, inateleza, meno yana ncha, lakini spring imekuwa laini ama fupi ukiilinganisha na mpya, nunua spring mpya ama seti nzima. Lakini kama fimbo imetoka karibu yote, meno yamebaki mawili matatu tu, basi tenshena haina makosa. Imefanya kazi yake mpaka mkono ukafika mwisho. Hapo ukiweka tenshena mpya itatokeza vile vile na kelele itabaki, na watu wengi hapo ndio hulia wamenunua spea feki. Shida iko kwa cheni na reli zake.

Turudi kwa mafundi wako. Wa kwanza na oil nzito: oil nzito inaweka godoro kati ya cheni na reli, kwa hivyo kelele inapungua kweli, lakini ulegevu uko pale pale na asubuhi oil nzito inachelewa zaidi kupanda juu kwa kamshafti, wakati ule ule inahitajika sana. Rudi kwa oil ya uzito wa 10W-40 ama ile kitabu cha pikipiki kinasema, na hakikisha kwa mkebe imeandikwa JASO MA, manake klachi yako inaogelea kwa hiyo oil na zile za magari za kuokoa mafuta zinaweza kuifanya iteleze.

Wa pili na kuvuta spring: naelewa kwa nini anafanya, mteja hana pesa na ikitoka hapo iko kimya. Lakini spring ukiivuta kwa koleo umeiharibu ile hali yake iliyotengenezwa nayo, inarudi kulegea baada ya muda mfupi, na washa nyuma yake inaongeza mgandamizo kwa reli ambayo labda ilikuwa nzima. Mbaya zaidi ni kwamba unaficha habari. Kama fimbo ilikuwa imefika mwisho, hakuna spring duniani itaisukuma zaidi ya mwisho, na wewe utaendelea kuendesha ukiamini imetengenezwa.

Wa tatu na kufungua injini yote: anaweza kuwa sawa, sikatai, kwa kilomita 61,000 cheni kuisha sio ajabu, na kama oil haikuwa inabadilishwa kwa wakati inaisha hata mapema. Ila hajapima. Huwezi kufungua hedi kwa sababu ya kelele ambayo boliti tatu zingekuambia ukweli wake.

Kuna njia ya nne utaambiwa ukifika Grogan, pale kwa spea Nairobi, kwamba utoe hii ya kujikaza yenyewe uweke ile ya skrubu ya mkono. Ni kitu halali, kuna watu wa mashindano wanaitumia, haikwami. Lakini inataka mwenye pikipiki anayesikiliza na kurekebisha kila baada ya muda, na karibu kila moja niliyoletewa ilikuwa imekazwa kupita kiasi, kwa sababu mtu anakaza mpaka kelele iishe kabisa halafu anaongeza robo ya baraka. Cheni iliyokazwa hivyo inalia sauti ya wiiii ukivuta mafuta, inakula reli na inakula mahali kamshafti inakaa kwa hedi, na hiyo hedi ndio ghali. Kwako, mtu wa kazi wa kwenda na kurudi, mimi nisingeiweka.

Ukinunua tenshena, nenda na ile ya zamani mfukoni. Kirinyaga Road utapewa tatu za bei tatu na zote zitaitwa orijino. Ziweke kando kwa kando na yako, angalia urefu wa fimbo, mahali pa boliti, na zaidi yale meno: nzuri imechongwa kwa ncha kali na iko sawa yote, mbovu meno yake ni kama yameyeyuka. Bonyeza kidole uachilie, kirudi kwa nguvu na sauti. Fanya hivyo hapo dukani kabla ya kulipa, muuzaji mzuri hatakasirika.

Kurudisha ndio watu wengi huharibu. Bonyeza kidole, sukuma fimbo ndani kabisa, kisha weka tenshena na gasketi mpya, funga zile boliti mbili kwa mkono halafu kaza kwa spana fupi bila kutumia nguvu ya mwili, ile ni alumini na uzi wake huvuka haraka. Baada ya hapo ndio unaingiza spring na boliti yake ya katikati. Ukiiingiza utasikia tik, tik, tik, tik, fimbo ikitembea kutafuta reli. Hiyo sauti mimi naipenda sana, nikiisikia najua iko sawa. Ukikosa kuisikia, itoe tena, kuna kitu. Na usiwahi kabisa kuifunga ikiwa fimbo imetokeza halafu uvute na boliti mpaka ikae. Nililetewa GN moja kutoka gereji fulani ilikuwa imefungwa hivyo, mwenyewe alisema tangu itengenezwe inanguruma kama ndege. Reli ya nyuma ilikuwa imepasuka katikati, vipande vyeusi vya raba viko kwa chujio cha oil chini.

Na hapo umenikumbusha, ukimwaga oil safari hii, toa chujio la chini uangalie kwa mwanga. Vumbi laini la fedha kidogo ni la kawaida kwa injini ya umri huo. Vipande vya raba nyeusi ngumu ni reli inakufa. Vipande vya chuma unavyoweza kushika na kucha, usiiwashe.

Ukishafunga, zungusha injini kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili kabla ya kurudisha plagi. Iende laini. Ikigoma mahali, isilazimishwe, rudi nyuma kwa alama uangalie. Ikikubali, rudisha plagi, washa, sikiliza.

Ikiwa imeonyesha ni cheni, hapo sasa nakuomba utafute mtu wa kuiona kwa macho, na umchague kwa makini. Cheni ya GN haina kiungo cha kufungulia, lazima magneto itoke kwa kifaa chake cha kuvutia. Usimruhusu mtu aigonge na nyundo, kranki itapinda na sumaku zitaachana. Muulize kabla hajashika spana: "Magneto utaitoa na nini?" Asipokuwa na kifaa, mshukuru uende kwingine. Badilisha cheni na reli zote mbili pamoja, na aangalie meno ya gia ya juu, yakiwa yameinama kama ndoano ibadilishwe pia. Haihitaji kubadilisha pistoni wala ringi kwa sababu tu "tumeshafungua", ringi zipimwe zenyewe.

Uliniuliza kama unaweza kuendelea kuiendesha. Kwa vile ulivyoeleza, inalia ikiwa baridi na inapungua, naweza kukubali uende nayo siku chache polepole mpaka Jumamosi uifungue, bila kuivuta sana na bila kuiachilia kwa mteremko mrefu na gia ya chini. Lakini kelele ikianza kubaki kwa kila mzunguko hata injini ikiwa moto, ama ukisikia kukwaruza kwa chuma, ama ikianza kuwa ngumu kuwaka na kupiga risasi kwa karbureta ama ekzosti, ama kiki ikawa nyepesi ghafla kuliko kawaida, zima hapo hapo ulipo. Inawezekana cheni imesharuka jino. Hata kama umebakisha kilomita mbili ufike Westlands, usizimalizie. Ita mwenye pikapu. Gharama ya pikapu kutoka Kangemi na gharama ya valvu, pistoni na hedi haziko karibu hata kidogo.

Jumamosi ukiifungua, asubuhi ikiwa bado baridi, nitumie ile picha ya fimbo na hesabu ya meno kabla hujaenda kununua chochote. Kama fimbo imekwama kwa lami tu, ioshe kwa petroli na brashi ya meno, pangusa, paka oil safi, jaribu mara kumi. Kuna siku hiyo peke yake inatosha na unarudi nyumbani na pesa yako.